ALIYETUACHIA KIVULI: MAISHA YA ALIBHAI MULLA JEEVANJEE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua wengi wenu mkiliona jina hilo hapo juu mtajiuliza, ni nani tena huyu? Mlezi wa Chama chetu alitupa kazi ngumu mwaka huu. Kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, kwa maneno yake mwenyewe, bila kunukuu mtu wala kitabu. Wenzangu wakamkimbilia Mekatilili, wengine Fumo Liyongo, wengine Shaaban Robert. Mimi nikasimama na Mhindi mmoja mzaliwa wa Karachi. Wakanicheka, ati nimeishiwa na mashujaa. Basi nipe nafasi nikueleze kisa changu, kisha utahukumu mwenyewe.

Kisa chenyewe kinaanzia kwetu Likoni. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja. Hakikuwa uwanja wa maana, la. Kilikuwa mchanga mtupu na majani machache, mwembe mmoja mkubwa na mikorosho miwili. Lakini hapo ndipo tulipochezea kandanda, ndipo akina mama walipofanyia karamu za harusi, na ndipo wazee walipowekea bao lao chini ya mwembe. Likizo moja nilirudi nyumbani nikakuta mabati yamezunguka pande zote nne. Mwembe ushakatwa. Hakuna aliyejua mwenye mabati ni nani. Kila tuliyemwuliza alituelekeza kwa mwengine. Siku chache baadaye, binamu yangu mdogo aligongwa na bodaboda akicheza mpira barabarani, akavunjika mguu. Alhamdulillahi amepona, ila hadi leo anachechemea kidogo. Babu alikaa barazani akasema kiwanja kile kilikuwa cha wote tangu enzi zao. Nilipomwuliza karatasi iko wapi, alinyamaza. Swali lile lilinikaa moyoni kama mwiba.

Ndipo nikiwa Kidato cha Pili tulipopelekwa Nairobi kwa ziara ya shule. Mchana tulichoka, mwalimu akatupeleka tupumzike katika bustani moja katikati ya jiji, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Bustani yenyewe ni kama ekari tano hivi. Imezungukwa na maduka na magari kila upande, lakini ndani kuna miti mikubwa na viti. Nilimwona mhubiri akihubiri, vijana wakisinzia, mama akimnyonyesha mtoto, na kikundi cha watu wakibishana siasa kwa hamasa kama waheshimiwa wa Bunge. Hakuna aliyetudai kiingilio. Hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi. Nilikuwa nimelisikia jina Jeevanjee mara nyingi, nikidhani ni jina la kituo tu. Mwalimu wa Historia akaniambia ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alianzia kazi zake kwetu Mombasa. Nilishangaa. Tangu siku hiyo nikaanza kumfuatilia.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi, mji ambao leo uko Pakistani lakini wakati huo ulikuwa katika Uhindi ya Waingereza. Alikuwa wa jamii ya Mabohora, Waislamu wenye sifa ya biashara. Hakubahatika kusoma sana shule, ila alikuwa na akili ya kuona mbali na miguu isiyotulia. Mwaka 1886 alikuwa kashafika Adelaide, Australia, akiuza bidhaa za mashariki. Mwaka 1890 akatia nanga Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Mombasa ya siku hizo haikuwa hii tuijuayo. Hapakuwa na feri yetu wala malori ya makontena. Lakini Waingereza walikuwa wakipanga kujenga reli hadi ziwani, na reli inahitaji watu, chakula, mawe na mbao. Jeevanjee aliona mlango wa riziki, akaupiga teke. Alipata kandarasi za kuleta vibarua na mafundi kutoka Uhindi, kuwalisha, kuchimba udongo, kupasua miamba na kujenga stesheni. Ujenzi ulianza mwaka 1896 huko Kilindini. Reli ikavuka maji pale Makupa, ikapanda Changamwe, ikaendelea bara. Ndugu zangu wa Changamwe, mnaposikia honi ya treni kumbukeni kwamba mlima wenu ulikuwa miongoni mwa milima ya kwanza kupandwa na treni ile.

Kazi ile haikuwa mchezo. Kwa jumla wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Uhindi, na si Jeevanjee peke yake aliyewaleta. Kati yao 2,500 hivi walikufa kwa malaria, kuhara, ajali na hata simba wa Tsavo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Jeevanjee akatajirika. Alikuwa na meli, alikuwa na majumba, na mwaka 1902 gazeti lake lilikuwa likitoka hapa hapa Mombasa, likiitwa African Standard. Baada ya miaka michache aliliuza kwa Wazungu, nao wakaliita East African Standard. Ndilo hilo The Standard mnalosoma maktabani hadi leo. Nani angedhani?

Sitaki kumpamba mtu huyu kuliko alivyokuwa. Utajiri wake ulipita juu ya migongo ya watu maskini, na baadhi yao wamelala kando ya reli hiyo hiyo bila kaburi lenye jina. Nataja hili ili tukienda mbele twende na ukweli wote mfukoni.

Reli ilipofika Nairobi, Jeevanjee naye akafika. Mji ule ulikuwa wa mahema, tope na mabati. Mwaka 1902 tauni iliingia, na mtaa wa biashara wa Wahindi ukachomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Jeevanjee alijenga maduka, ofisi na soko. Lakini alikuwa akiona pia namna mji ulivyokuwa ukigawanywa. Wazungu walipewa sehemu za juu zenye miti na hewa safi. Wahindi walisongamanishwa karibu na biashara zao. Waafrika, ambao nchi ni yao, walihesabiwa kama wapita njia, wanaokuja kufanya kazi na kurudi kwao. Miti ilifuata rangi ya ngozi. Hapo ndipo utakapoona kwamba jambo la kivuli na majani si jambo la urembo tu. Ni jambo la nani anahesabiwa kuwa mtu wa mji.

Katika mji wa namna hiyo, mfanyabiashara huyu alichukua ardhi yake katikati ya mji, akaipanda miti na maua, akawapa wakazi wa Nairobi iwe yao. Mwaka 1906 sanamu ya Malkia Victoria ilizinduliwa humo na mwanawe Malkia, yaani Duke wa Connaught, aliyekuwa akizuru nchi. Jeevanjee ndiye aliyeigharamia. Wengine husema alikuwa akijipendekeza kwa wakubwa. Labda ndiyo. Lakini tazama alivyopiga hesabu. Bustani yenye sanamu ya Malkia nani angethubutu kuivunja wakati huo? Sanamu yenyewe ilivunjwa kichwa mwaka 2015, na Malkia akapotea, lakini bustani bado ipo.

Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Alikuta meza nzima imempa mgongo. Mwaka 1910 akaenda London kulalamika hadharani juu ya ubaguzi. Alipinga Wahindi kukatazwa kumiliki ardhi katika nyanda za juu, na kupinga kutengwa mitaani. Mwezi wa Machi mwaka 1914, chama cha kuunganisha Wahindi wa Afrika Mashariki kilipofanya mkutano wake wa kwanza, kilikutana Mombasa, naye ndiye aliyekuwa rais. Kwa hiyo mji wetu ulikuwa jukwaa la madai ya haki mapema, hata kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Hata hivyo haki aliyoidai ilikuwa na mipaka. Huko London alifika hadi kupendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na Uhindi, kana kwamba wenyewe hawakuwapo! Wamaasai waliokuwa wakinywesha mifugo yao kwenye mto ule wa maji baridi uliozaa jina la Nairobi, nani aliwauliza? Jeevanjee aliona vizuri mlango uliofungwa usoni pake, lakini hakuona vizuri mlango uliofungwa usoni pa jirani yake. Na sisi tusimcheke sana, maana ugonjwa huo haujaisha. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie, lakini nyanda za juu zikabaki za Wazungu vile vile. Wahindi wakapewa viti vitano barazani. Mwafrika hakupewa hata kimoja cha kukalia mwenyewe.

Miaka ilipita, biashara zikaenda kombo, mali ya Mzee Jeevanjee ikapungua sana. Alifariki Nairobi mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 80. Meli zake hazipo. Gazeti lilishakuwa la wengine. Katika yote aliyokuwa nayo, kilichobaki na jina lake mdomoni mwa watu ni kile alichokitoa bure. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini hadithi haikuishia kaburini. Mwaka 1991 wakubwa wa jiji la Nairobi walileta mpango wa kuichimba bustani ile, wajenge maegesho ya magari ya ghorofa na maduka. Wakati huo watu walikuwa na hofu ya kusema. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alikuwa ametukanwa hadi Bungeni kwa kupinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kumea ndani ya bustani ya Uhuru. Hakurudi nyuma, na jumba lile halikujengwa. Kwa bustani ya Jeevanjee aliyejitokeza ni mjukuu wake, Bi Zarina Patel. Alikwenda mle mle bustanini, akawafuata waliokaa kwenye viti: makarani, vibarua, wachuuzi, wasio na kazi. Wakatia sahihi zao. Mpango ukafa. Baadaye, mwaka 2007, ulijaribu kufufuka kwa sura nyingine, nao ukazimwa tena.

Nilijiuliza sana, kwa nini bustani ya Jeevanjee ilipona na kiwanja chetu kikafa? Nimepata majibu mawili. La kwanza, ile ilijulikana imetolewa na nani na kwa nani. Mtu aliyetaka kuichukua alilazimika kuwatazama wenyewe machoni. Chetu kilikuwa cha wote kwa mdomo tu, na kilicho cha wote kwa mdomo huchukuliwa na mmoja kwa karatasi. La pili, bustani ile ilikuwa na watu ndani yake kila siku, na walipoitwa waliitika. Chetu pia kilikuwa na watu, ila hakuna aliyetuita, nasi hatukuitana.

Hebu sasa tutazame kwetu bara, huku Mombasa. Nani asiyeikumbuka Kibarani? Kwa miaka mingi kila aliyevuka Makupa kwenda Changamwe aliziba pua kwa jaa lile. Mwaka 2018 jaa lilifungwa, miti ikapandwa. Ni jambo jema, na mimi nilifurahi. Lakini taka hazikuyeyuka. Zilipelekwa Mwakirunge, Kisauni. Mwenzangu wa bweni anatoka upande huo, na nilipoisifu Kibarani alinitazama tu. Nikaona haya. Nilikuwa nimefanya kama Mzee Jeevanjee alivyofanya kwa jirani zake.

Nenda Bamburi. Pale kampuni ya saruji ilianza kazi miaka ya 1950, ikachimba matumbawe hadi ardhi ikabaki kama uso wa mwezi. Kuanzia mwaka 1971 ilipandwa mivinje na miti mingine, majongoo wakatumiwa kugeuza majani makavu kuwa udongo, na mwaka 1984 watu wakaanza kuingia kutalii. Leo ni msitu mzuri wenye viboko na twiga, ushahidi kwamba hata mwamba hurudi kuwa kijani. Lakini langoni kuna kiingilio. Mtoto wa jirani ambaye babake anabahatisha kibarua anautazama msitu huo kupitia ua. Na kule kisiwani, bustani ya Mama Ngina ilitengenezwa upya mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyiwa hapo. Sisi wa Likoni tunaiona vizuri sana ng'ambo ya maji, na mibuyu yake. Kuiona ni bure. Kuikalia ni kupanga foleni ya feri kwenda na kurudi.

Naye mwalimu wetu wa Jiografia alitupa mfano wa mbali uliolingana na mambo yetu. Huko Marekani kuna mji wa Detroit, uliokuwa mji wa viwanda vya magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Viwanda vikafungwa, watu wakahama, na mwaka 2020 walihesabiwa kama 640,000 tu. Changamwe nako kiwanda cha kusafisha mafuta kilisimama mwaka 2013, na vijana wengi walikosa kazi za malori mizigo ilipohamia kwenye reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, kwa hiyo tunaelewa kidogo. Basi kati ya mwaka 2011 na 2014 wenyeji wa Detroit walipewa nafasi ya kupandiwa miti ya bure mbele ya nyumba zao. Karibu robo walikataa! Yaani watu 1,800 hivi kati ya 7,400. Je, walichukia miti? Hata. Walishaona jiji likipanda miti na kuiacha ife, mzigo ukabaki kwao. Na tena hawakuulizwa wanataka mti gani. Mti walioletewa bila kuulizwa waliuona kama amri nyingine tu.

Hapo ndipo nilipofika mimi, na ndilo neno langu kwenu. Haki ya kivuli ina mambo matatu. Kiwe karibu na anayekihitaji. Kiwe na karatasi inayosema ni cha umma. Na anayekaa chini yake awe ameulizwa. Mzee Jeevanjee alitimiza mawili ya kwanza katika mji uliokuwa ukigawanywa kwa rangi, na nampa heshima yake. La tatu hakulitimiza. Wazee wetu walikuwa na la kwanza na la tatu, wakakosa karatasi. Kila upande una cha kumfunza mwenzake.

Baada ya kusoma maisha haya nilirudi kwa Babu. Nilimsimulia habari ya Mhindi wa Karachi aliyefika Mombasa mwaka 1890, naye akasikiliza hadi mwisho. Kesho yake asubuhi alivaa kanzu na kofia, akachukua bakora yake, akaenda kwa wenzake wa bao. Sasa wameandika barua kuuliza kiwanja kile kimesajiliwa kwa jina la nani. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, kwa sababu macho yao yamechoka. Watu 63 wametia sahihi, wakiwemo akina mama wa karamu na yule binamu yangu anayechechemea, aliyeandika jina lake kwa herufi kubwa sana. Jibu halijaja. Mabati bado yapo. Huenda tumechelewa.

Lakini upande wa nje wa mabati, kwenye kipande kilichobaki cha barabara, kuna mche wa mwembe. Sijui nani aliupanda. Jioni wazee huweka bao lao hapo, wanahamahama wakifuata kivuli cha ukuta. Shuleni kwetu pia, nyuma ya maabara, kuna eneo tupu ambalo kila muhula tunasikia litajengwa kitu. Wanachama wenzangu, na walimu wetu wapendwa, naomba tuliulizie mapema, kabla mabati hayajafika.

Kalamu yangu natua hapa. Wasalaam.